Nani Alaumiwe Gari Linapomgonga Mtoto Mdogo?

Barabara itokayo Kikorongo kwenda Bwera na kuishia mpakani Mpondwe haifikii kilomita 40, lakini uzito wa shughuli zake hauwiani hata kidogo na urefu wake. Malori ya saruji kutoka Hima, malori ya mbao na kahawa yatokayo Kongo, magari ya abiria, pikipiki za boda boda na magari ya jeshi yote hupita humo, tena hupita katikati ya watu. Kinyamaseke, Bwera yenyewe, na Mpondwe ni miji iliyoota kandokando ya lami. Mlango wa duka unatazama barabara, na mlango wa nyumba unatazama barabara. Mtoto anayetumwa chumvi au kibiriti hana budi kuivuka. Katika mji wa Kasese, ambako malori hupumzika kabla ya kushika njia ya Mbarara au ya Fort Portal, hali ni hiyo hiyo, ila tu kwamba magari ni mengi zaidi.

Mahali kama hapo, siku moja hutokea lile linaloogopwa na kila mzazi na kila dereva. Gari linamgonga mtoto mdogo. Kabla hata vumbi halijatua husikika maneno mawili. Umati husema kwamba dereva ameua. Dereva naye, kama hajakimbia, husema kwamba mtoto amejitupa mbele ya gari. Askari wa kwanza kufika hukuta maneno hayo mawili yakimngoja, na aghalabu lile atakaloliandika kwanza katika kitabu chake ndilo litakalosafiri mpaka kwa mkuu wa kituo, kwa mwendesha mashtaka, kwa kampuni ya bima, na mwishowe kwa hakimu.

Kwa hiyo jambo hili linawahusu askari kuliko watu wengine, tena linawahusu mara mbili. Polisi ndiye anayepima ajali, na askari, awe wa polisi au wa jeshi, naye ni dereva katika barabara zile zile.

Kosa kubwa katika mabishano ya namna hii ni kuyafanya maswali matatu kuwa swali moja. Swali la kwanza ni kama dereva ametenda kosa la jinai. La pili ni nani atakayeilipa familia kwa hasara na uchungu iliyoupata. La tatu ni kitu gani hasa kilichosababisha ajali, ili kesho isirudiwe mahali pale pale. Dereva aweza kuwa hana hatia mbele ya hakimu wa jinai, na bado mwenye gari akawajibika kulipa. Kadhalika dereva aweza kufungwa kwa haki kabisa, na bado sababu ya ajali, tuseme lori bovu lililoachwa siku tatu ukingoni mwa barabara bila alama yoyote, ikabaki pale pale ikimngoja mtoto mwingine. Anayeyachanganya maswali haya hutafuta mtu mmoja wa kubebeshwa yote, na mara nyingi yule anayebebeshwa ni yule asiyeweza kujitetea, yaani marehemu.

Na yaangaliwe kwanza maneno ya dereva, kwamba mtoto alijitupa. Huenda ni kweli tupu. Watoto hukimbia, hiyo ndiyo tabia yao. Lakini ukweli wa maneno hayo haumalizi swali, kwa sababu unaeleza sekunde ya mwisho tu. Mwendo ambao gari lilikuwa nao katika sekunde hiyo uliamuliwa zamani, pengine kilomita moja nyuma, wakati dereva alipoiona miji ile na akakataa kuondoa mguu wake juu ya mafuta. Hesabu yake si ngumu. Tangu jicho limwone mtoto mpaka mguu ukanyage breki, dereva aliye macho, asiyelewa na asiyechoka, hutumia kiasi cha sekunde moja. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao kanuni za mwaka 2004 ziliuweka kuwa kikomo cha magari yanapopita mijini, gari huenda mita 14 katika sekunde hiyo. Baada ya hapo, juu ya lami kavu na kwa breki nzima, huhitaji mita kama hizo tena ili lisimame. Jumla ni mita 28 hivi.

Sasa na aje dereva wa pili, mwenye mwendo wa kilomita 80. Anamwona mtoto yule yule, mahali pale pale, umbali wa mita 28. Katika sekunde ya kwanza amekwisha kula mita 22 bila breki kufanya lolote. Zinabaki mita 6. Anapomfikia mtoto, gari bado linakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Wa kwanza amesimama na kutukana, wa pili ameua. Wote wawili wataapa kwamba mtoto alijitupa, na wote wawili watakuwa wanasema kweli. Na hesabu hii ni ya gari dogo lenye breki nzuri. Lori lililoshiba saruji lahitaji nafasi kubwa zaidi, na siku ya mvua kila gari lahitaji zaidi.

Katika njia inayopita mbuga ya Queen Elizabeth, karibu na Kikorongo, madereva hupunguza mwendo kwa sababu ya tembo, na hawahitaji polisi wa kuwalazimisha. Tembo huvunja gari. Mtoto wa miaka minne halivunji gari. Hapana mtu atakayekiri kwamba ndiyo hesabu aifanyayo kichwani, lakini mwendo wa magari mengi yakiisha kutoka mbugani na kuingia katika makazi ya watu unaonyesha kwamba hesabu hiyo hufanywa.

Upande wa mtoto nao wastahili kuelezwa kwa makini, maana watu wazima wamesahau walivyokuwa. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa Sweden, Bibi Stina Sandels, aliwachunguza watoto barabarani kwa muda mrefu, na kitabu chake kilichotoka mwaka 1968 kilisema waziwazi kwamba mtoto mdogo hawezi kufundishwa mpaka akawa salama kati ya magari, kwa sababu uwezo unaotakiwa bado haujakua ndani yake. Mtoto huyo anajua kuimba kwamba atazame kulia na kushoto, lakini mpira ukimtoka mkononi wimbo humtoka kichwani. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo cha Royal Holloway, Uingereza, walionyesha jambo jingine, la kutisha zaidi: macho ya watoto wa umri wa shule ya msingi hayawezi kutambua kwa uhakika kwamba gari linawajia kama mwendo wake unazidi kilomita 32 hivi kwa saa. Kadiri gari linavyokimbia, ndivyo mtoto anavyoliona kana kwamba limesimama. Mtu mzima aliye kando yake huona hatari, mtoto haioni. Hakuidharau, hakuiona.

Sheria iliyafikia mambo haya kwa njia yake yenyewe, hata kabla ya wataalamu hao kutoa vitabu. Mwaka 1962 msichana wa miaka 13 na nusu alikuwa akivuka barabara mjini London pamoja na kaka zake wawili. Dereva wa lori alisimama, akawapungia mkono wapite. Wakati msichana anatokeza mbele ya lori, kigari kidogo kikalipita lori lile kwa kasi kikamgonga. Jaji wa kwanza aliamua kwamba msichana naye alikuwa na sehemu ya lawama, theluthi moja, kwa kuwa hakuchungulia. Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu hiyo mwaka 1966. Jaji mashuhuri Lord Denning alieleza kwamba mtoto mdogo sana hawezi kuwa na lawama ya namna hiyo, na kwamba mtoto mkubwa kidogo apimwe kwa kile kinachoweza kutarajiwa kutoka kwa mtoto wa umri wake. Hapimwi kwa mizani ya mtu mzima. Mafundisho hayo yameingia katika mahakama za Afrika Mashariki, na nchini Kenya imekuwa desturi ya majaji kutomhesabia lawama mtoto wa chini ya miaka 10. Uganda nayo, katika Sheria ya Watoto ya mwaka 1996, imeweka miaka 12 kuwa umri ambao kabla yake mtu hawezi kushtakiwa kwa jinai yoyote. Sheria isiyoweza kumshtaki mtoto kwa wizi wa kuku itamhukumuje mtoto wa miaka mitano kwa kuvuka barabara vibaya?

Kwa hiyo askari anayeandika katika ripoti yake kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa mtembea kwa miguu, na mtembea kwa miguu huyo ni mtoto wa miaka mitano, ameandika jambo lisilo na maana mbele ya sheria. Tena ameandika jambo lenye madhara, kwa sababu kampuni ya bima italisoma kwa furaha.

Lawama ikisha kuondolewa kwa mtoto, watu huisogeza hatua moja, wakaiweka juu ya mama yake. Mama alikuwa wapi? Swali hili huulizwa hadharani, mara nyingi na wanaume, mbele ya maiti. Jibu lake mara nyingi ni kwamba mama alikuwa shambani, au sokoni Mpondwe akiuza, au nyumbani akimnyonyesha mwingine, na kwamba mtoto aliyegongwa alikuwa mikononi mwa dada wa miaka minane. Hali ya maisha ndiyo hiyo. Tangu elimu ya msingi bila malipo ianze nchini mwaka 1997, watoto wadogo wengi sana hutoka majumbani alfajiri kwenda shule kwa miguu, na hapana mama awezaye kumsindikiza kila mmoja.

Hata pale mlezi anapokosa kweli, kosa lake si mali ya mtoto. Katika karne ya 19 mahakama za Uingereza ziliamua vinginevyo: mtoto alihesabiwa kuwa kitu kimoja na mlezi wake, na uzembe wa mlezi ukamnyima mtoto haki. Mwaka 1933 ikaja kesi ya mtoto wa miaka minne aliyekuwa akivuka barabara mkononi mwa babu yake. Basi likatokea, babu akashtuka, akamwachia mkono, akaruka kujiokoa. Mtoto akaumia. Mahakama ilisema kwamba uzembe wa babu hauwezi kumpunguzia mjukuu haki yake ya kulipwa na wenye basi. Kutoka siku hiyo fundisho la kale halikupata nguvu tena. Yafaa askari walikumbuke neno hili wanapoandika maelezo ya mama aliyefiwa, asije akatishwa kwa kuambiwa kwamba naye atashtakiwa, kisha akakubali kutia kidole gumba katika karatasi inayomwachilia kila mtu.

Baada ya kusema hayo, ni lazima kusema na upande wa pili kwa sauti ile ile. Kifo cha mtoto si ushahidi wa kosa la dereva. Dereva aliyekuwa akienda kilomita 25, aliyekuwa macho, mwenye breki nzima, ambaye mtoto ametokeza mita nne mbele yake kutoka nyuma ya lori lililosimama, hakuwa na jambo la kufanya. Hata kama amemgonga, hata kama mtoto amefariki, hana hatia ya jinai, na askari anayemfungulia mashtaka ya kuendesha kwa hatari kwa sababu tu umati umekasirika amemdhulumu. Kumweka mtu huyo kituoni kwa usalama wake ni jambo moja, kumshtaki ni jambo jingine. Umati haujui tofauti hiyo. Mawe huokotwa upesi, na kiberiti hupatikana upesi zaidi, ndiyo maana madereva wengi hukimbia, wakaonekana wauaji hata wale ambao hawakuwa na kosa. Anayesimama na kutoa msaada ametimiza wajibu wa sheria. Anayeona kwamba maisha yake yamo hatarini na akaenda moja kwa moja mpaka kituo cha polisi kilicho karibu, akajisalimisha na kueleza, hawezi kuwekwa kundi moja na yule aliyekatiza vichochoroni, akabadilisha taa iliyovunjika usiku, na kukutwa siku ya tatu Mbarara.

Njia ya kumjua asiye na kosa na mwenye kosa ni moja, nayo ni kupima. Alama za tairi zipimwe kabla ya mvua, na mvua za milima ya Rwenzori hazimngoji mtu. Iandikwe kiatu cha mtoto kilipatikana wapi, vioo vilimwagika wapi, gari lilisimama wapi. Kama palikuwa na lori limesimama lililoziba macho, namba yake iandikwe na dereva wake atafutwe, maana huenda huyo ndiye mwenye lawama kubwa kuliko wote na ameketi hotelini akinywa chai huku wengine wakipigana. Breki zipimwe na mkaguzi wa magari. Utingo aulizwe peke yake, mbali na bosi wake. Dereva aulizwe ametoka wapi na amelala lini, kwa sababu mtu aliyetoka Kampala usiku kucha akafika Bwera saa nne asubuhi hana ile sekunde moja iliyotajwa juu. Anayo miwili, au hana kabisa.

Neno la lugha nalo si dogo. Mashahidi wa Bwera wengi husema Lhukonzo. Askari aliyetoka Gulu au Mbale huwasikiliza kupitia kwa mtu aliyejitolea kutafsiri, kisha huandika kwa Kiingereza. Shahidi aliyesema kwamba mtoto alikuwa akivuka hujikuta katika karatasi akisema kwamba mtoto alikurupuka. Maneno hayo mawili yana kesi mbili tofauti ndani yake. Shahidi asomewe tena kwa lugha yake alichoandikiwa kabla ya kutia sahihi.

Sasa na yaje magari ya serikali yenyewe. Tangu Novemba 2021, jeshi la Uganda limekuwa katika operesheni iitwayo Shujaa upande wa Kongo, likishirikiana na jeshi la nchi hiyo dhidi ya waasi wa ADF, na njia ya Mpondwe ni mojawapo ya njia za kuelekea huko. Baada ya mauaji ya wanafunzi katika shule ya sekondari ya Lhubiriha mwezi Juni 2023, hakuna mtu wa Bwera anayehitaji kuelezwa kwa nini gari la askari wakati mwingine huenda mbio. Lakini haraka si ruhusa ya kutoangalia. Sheria huweza kuliachilia gari la polisi au la wagonjwa lisifungwe na kikomo cha mwendo linapokwenda kwenye dharura. Haikumwachilia dereva wake wajibu wa kuwaangalia watu. Mahakama ya Uingereza ililisema hilo mwaka 1959 katika kesi ya polisi wa pikipiki aliyekuwa akienda mbio kazini: wajibu wake kwa wapitao njia ni ule ule wa raia yeyote anayeendesha. King'ora humwonya mtu mzima. Mtoto mdogo king'ora humwita. Hutoka mbio kuja kutazama.

Msafara una hatari yake ya peke yake. Gari la kwanza likipita, mtoto hudhani kwamba njia imekuwa wazi. Mwenzake yuko ng'ambo akiwapungia askari mkono. Mtoto anavuka kumfuata, na gari la nne au la tano, ambalo dereva wake ameambiwa asiachwe nyuma, linamkuta katikati. Mfano wa jambo hili unajulikana ulimwenguni. Tarehe 18 Aprili 2016, msafara wa Bibi Samantha Power, aliyekuwa balozi wa Marekani katika Umoja wa Mataifa, ulikuwa ukipita kwa kasi kaskazini mwa Kameruni, karibu na Mokolo. Mvulana wa miaka saba alikimbilia barabarani akagongwa na gari mojawapo la msafara, si lile la mbele. Gari lilisimama kidogo, kisha likaamriwa kuendelea; ambulansi iliyokuwamo msafarani ndiyo iliyomhudumia. Mtoto alifariki. Balozi alirudi siku ile ile kuwapa wazazi pole, na baadaye familia ilipewa faranga milioni 1 za CFA, ng'ombe wawili, pamoja na unga, mchele, chumvi na vitu vingine.

Je, dereva wa gari lile alaumiwe? Hakuuchagua mwendo wake. Mwendo ulichaguliwa na walinzi, kwa hofu ya wapiganaji wa Boko Haram, na amri ya kutosimama ilitoka juu yake. Hapa ndipo penye fundisho kwa makamanda. Yule anayeamuru kwamba msafara ufike Kasindi saa fulani bila kujali umepitia wapi ameshika usukani hata kama ameketi ofisini. Ripoti ya ajali inayoanzia na kuishia kwa koplo aliyekuwa akiendesha ni ripoti nusu. Wala haigharimu vita kitu chochote msafara kupunguza mwendo ndani ya Kinyamaseke na Bwera. Ni dakika chache tu, na dakika hizo zaweza kuhesabiwa katika mpango wa safari kabla injini hazijawashwa.

Mpakani penyewe pana jambo ambalo si watu wengi hulifikiria. Uganda magari hupita kushoto. Kongo hupita kulia. Mto Lhubiriha ndio mpaka, na mtu akisha kuvuka daraja desturi ya barabara imegeuka juu chini. Mtoto wa Mpondwe aliyefundishwa shuleni kutazama kulia kwanza, akienda na shangazi yake Kasindi, hutazama kule ambako gari halitoki. Mtoto wa Kasindi akija sokoni upande huu hupatwa na hayo hayo. Na madereva nao, hasa wa malori yenye usukani upande wa kushoto, hutoka Kongo wakiwa na mazoea ya siku nyingi mikononi. Ajali ikitokea mita 200 kutoka darajani, askari asiyeuliza mtoto alitoka upande gani wa mto, na gari lina usukani upande gani, ameliacha swali la tatu bila jibu.

Limebaki swali la malipo, ambalo ndilo linaloishi na familia baada ya kesi kusahauliwa. Sheria ya bima ya magari ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja aliyeumizwa au kuuawa. Mwaka ule fedha hizo zilikuwa na thamani ya dola elfu kadhaa za Marekani. Kwa thamani ya shilingi ya leo hazifiki dola 300. Anayetaka zaidi ya hapo lazima amshtaki mwenye gari, na mzazi anayelima pamba bondeni hana wakili. Nchi nyingine zimechukua njia tofauti. Ufaransa, kwa sheria ya tarehe 5 Julai 1985, iliamua kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 aliyegongwa na gari hulipwa majeraha yake na bima bila kuulizwa kwamba alikosea, isipokuwa kama alijitafutia madhara kwa makusudi. Ujerumani tangu mwaka 2002 haimhesabii mtoto wa chini ya miaka 10 kosa lolote katika ajali ya gari. Nchi hizo hazikuwafanya madereva kuwa wahalifu kwa sheria hizo. Zimetenga tu lawama na malipo: dereva asiye na hatia hurudi nyumbani kwake, na mtoto hutibiwa.

Huku kwetu wenye magari wengi huogopa hata kupeleka sanduku la kuzikia au gunia la unga msibani, kwa kuhofu kwamba watakuwa wamekiri kosa. Wengine huzuiwa na mawakili wao. Familia nayo hukaa ikingoja, na kutokuja kwao huonekana kuwa ni dharau, uchungu ukageuka kuwa kisasi. Msaada wa msiba ni ubinadamu, si ungamo. Mkuu wa kituo anaweza kuandika katika kitabu kwamba umetolewa bila kukiri wala kukanusha, mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na pande zote mbili zikatia sahihi.

Gari likiwa la jeshi au la polisi, anayeshtakiwa katika madai ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na sheria imeweka muda wa miaka miwili wa kufungua kesi ya namna hiyo. Ili kuifungua, wazazi huhitaji ripoti ya polisi, mchoro wa ajali, na cheti cha daktari wa hospitali ya Bwera au ya Kasese. Hivyo vitatu vyote vimo mikononi mwa serikali yenyewe inayodaiwa. Mzazi anayeambiwa kila mwezi arudi mwezi ujao, kwa kuwa faili limekwenda makao makuu, aendelee kuhesabu: miaka miwili huanza siku ya ajali, haingoji siku faili litakaporudi.